Pikipiki ya Baba Mkwe na Sponji za Mabega

Jumatatu, 6 Mei

Imefika! Ninavyoandika hivi ipo sebuleni, inanuka petroli ya zamani, na mimi nimeketi sakafuni naitazama kama bwana harusi. Pikipiki ya Kitaliano ya baba mkwe. Nyekundu! Silinda mbili! Viti vyetu vimesogezwa hadi ukutani kwa heshima yake.

Nieleze kwa ukamilifu, ili siku nitakapokuwa maarufu wasomaji wa shajara hii wasipate taabu. Baba mkwe aliiendesha ujanani. Ikazimika mwaka aliozaliwa mke wangu, ikasukumwa stoo, ikakaa humo miaka yote hiyo chini ya magunia. Sasa mama mkwe amechoka. Anaiita takataka na anataka stoo yake. Amepatikana mwenye hoteli mmoja anayetaka kuitundika ukutani juu ya meza za chakula, watu wale huku wanaitazama. Ukutani! Injini ya Kitaliano, kama saa!

Baba mkwe akaomba nafasi ya mwisho. Akatuita wakwe zake wawili, mimi na mwanyumba wangu, yaani yule aliyemwoa dada mkubwa wa mke wangu. Akasema atakayeiwasha itakuwa yake. Isipowaka hadi Jumamosi hii, inakwenda kutundikwa. Nikamwuliza kama ana maagizo yoyote ya kiufundi. Akafikiri sana, kisha akasema, "Nataka kuisikia tu." Mzee wa maneno machache.

Mwanyumba alianza, kwa kuwa ni mkubwa. Akakaa nayo wiki na wiki. Akaipaka rangi. Basi! Ilikwenda kwake imechakaa na haiwaki, imetoka kwake inang'aa na haiwaki. Leo ameniletea kwenye pikapu yake huku anacheka, akasema kamba hazifungui, anaziacha palepale kwa safari ya hotelini.

Simjali mwanyumba. (Uongo. Namfikiria asubuhi, mchana na jioni.) Shida yangu ni hii. Mimi nauza mapazia dukani, na tangu nimwoe mke wangu, baba mkwe ananiita "yule wa mapazia". Yule wa mapazia amefika? Mpeni chai yule wa mapazia. Mwanyumba anaitwa "mwanangu". Kwa lipi? Kwa pikapu! Jumamosi haya yanakwisha.

Mke wangu ni fundi cherehani. Barazani ndipo anaposhonea, sebuleni ndipo wateja wanapojaribia nguo. Nimemweleza kwamba mgeni atakaa siku chache tu. Amesema, "Sawa." Kuna sawa ya sawa, na kuna sawa ya ole wako. Hii sijaipambanua.

Baadaye. Nimegundua jambo kuhusu stendi ya pembeni. Ina springi kali. Ukiinyanyua pikipiki hata kidogo, stendi inajikunja yenyewe bila kuuliza mtu. Waitaliano waliiunda hivyo makusudi, sijui nani alikuwa amewaudhi. Nilitaka tu kuisogeza mbali na kochi. Ikalala juu ya kochi. Mimi nilikuwa katikati. Kochi ni zima.

Jumanne, 7 Mei

Nimempigia simu meneja wa duka. Nimemwambia nina mgeni wa familia kutoka Italia, ni mzee, ni mgonjwa, na hana wa kumwuguza ila mimi. Hakuna neno la uongo humo! Meneja ameingiwa na huruma. Akauliza kama mgonjwa anakula. Nikasema anapitisha vitu vya majimaji tu. Akanipa ruhusa hadi Jumatatu na kuniombea heri.

Mpango wangu ni rahisi na wa kitaalamu. Nafungua kila kitu. Kila kitu kikishafunguliwa, ugonjwa utakosa pa kujificha. Kufikia mchana nilikuwa nimefungua tangi, kiti, kabureta zote mbili, na kitu kingine kilichokuwa na springi ambacho kiliruka na bado hakijarudi. Bolti ndogo nimeziweka kwenye bakuli la sukari. Bolti kubwa kwenye vikombe vya wageni. Mpira wa kabureta nimeuloweka kwenye birika. Lazima nikumbuke habari ya birika.

Akaja mteja kujaribu gauni. Mke wangu ana kazi kubwa wiki hii, anashona magauni ya kwaya nzima, na yanatakiwa Jumatatu. Mama huyu, mwimbaji wa sauti ya kwanza, akaniomba nigeuke ukutani. Nikageuka kwa adabu. Sasa, mkononi nilikuwa na kabureta, na kabureta ina kibakuli, na kibakuli kilikuwa na petroli ya miaka arobaini. Niliposikia wamemaliza nikageuka tena, haraka kidogo. Doa si kubwa. Nilimwambia yule mama kwamba akisimama mstari wa nyuma hakuna atakayeliona. Akajibu kwamba yeye ndiye mwimbaji kiongozi.

Mke wangu akasema, "Sawa." Nimeanza kuipambanua.

Jioni mwanyumba alipita "kusalimia". Akasimama mlangoni, akaangalia sebule yote, vyuma hadi juu ya televisheni, akauliza kama nimefungua duka la spea. Nikamjibu kwamba daktari hamfungui mgonjwa bila kujua atamfungaje. Alipokwenda nikanywa chai. Chai ilikuwa na ladha ya mpira. Habari ya birika!

Jumatano, 8 Mei

Hakuna cha kufungua tena. Nimefungua hata vitu ambavyo havikuwa vimefungwa.

Asubuhi nimeirudisha yote, isipokuwa kile kilichoruka. Petroli mpya. Plagi mpya. Nikapanda, nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga tena. Kimya. Nikapiga kwa hasira. Kiki ikarudi juu kwa hasira kubwa kuliko yangu, ikanigonga ugoko. Nikaruka kwa mguu mmoja kutoka sebuleni hadi jikoni, nikarudi. Ina kiburi! Naipenda!

Kuna kitabu chake cha matengenezo, kimeandikwa Kitaliano kitupu. Nikamwita jirani. Ni mwimbaji wa kwaya hiyohiyo ya magauni, na mtaa mzima tunamwita Sauti ya Tatu. Aliwahi kufundishwa nyimbo za Kitaliano, na amekuwa akitukumbusha jambo hilo tangu ahamie hapa. Akavaa miwani. Akafungua ukurasa wa matairi, akasema kuna mtu anakufa kwa mapenzi. Akafungua ukurasa wa oili. Huyo naye anakufa. Kwa tafsiri yake kitabu kizima ni msiba. Kisha akafika kwenye ukurasa wenye mchoro wa nyaya, akaweka mkono kifuani, akasema hapa pana machozi. Au maji. Ni zamani, hakumbuki vizuri, ila katika nyimbo zao yalikuwa machozi siku zote. Akaimba ubeti mzima ili tupate uhakika. Hatukupata.

Lakini mimi ni mtu wa kuunganisha mambo. Ukurasa wa nyaya. Maji. Maji kwenye umeme! Nikafungua tena kile kikopo kidogo ambamo cheche huzaliwa, ambacho jana nilikifungua nikakisifu na kukifunga. Nikamulika kwa tochi. Ukungu! Kutu! Unyevu kama bafuni! Nikachukua tupa ya kucha ya mke wangu nikasugua vile vidude viwili vinavyogusana. Nikachukua mashine yake ya kukaushia nywele, nikapuliza. Sauti ya Tatu akashika tochi na kuendelea na ubeti wa pili.

Mke wangu akarudi kabla sijarudisha tupa mahali pake. Ameniuliza kwa nini kucha zake zinanuka petroli. Nimesema kesho atajua. Majaribio asubuhi. Ugoko umevimba, lakini roho inacheka.

Alhamisi, 9 Mei

IMEWAKA!

Kiki ya pili! Ikapiga chafya, ikatoa moshi mweusi, ikanguruma! Madirisha yakatetemeka! Nikapiga kelele, mke wangu akapiga kelele, Sauti ya Tatu akaja mbio na kitambaa cha kunyolea shingoni akidai kwamba ni yeye aliyetafsiri. Nikamkumbatia. Povu la sabuni lote likabaki kwangu. Nikamkumbatia mke wangu, povu likaenda kwake. Sebule haikuonekana kwa moshi. Mapazia yamekuwa meusi, yale niliyojiuzia mwenyewe kwa bei ya mfanyakazi. Potelea mbali mapazia! Sitaitwa tena kwa jina lao!

Tukaisukuma nje uani, ikiwa inaunguruma. Na hapo moshi ulipopungua, masikio yakazibuka. Nikaisikia.

Kelele. Siyo ya moshi, siyo ya ekzosi. Kelele nyingine, ya chuma, upande wa kulia, kama mtu anatikisa vijiko ndani ya beseni la bati. Chakacha, chakacha, chakacha. Haiachi.

Na nani anaingia getini wakati huohuo? Mwanyumba. Alisikia mngurumo tangu barabarani na uso wake ulikuwa umepauka, jambo ambalo nitalikumbuka kwa raha uzeeni. Lakini alipoisikia ile chakacha rangi ikamrudia. Akainama, akatega sikio kwenye injini. Akatikisa kichwa kama daktari anayetafuta namna ya kuwaambia ndugu. Akasema injini imekwisha, chuma kinakula chuma, Jumamosi itapasuka mbele ya mzee mwenyewe. Akasema debe tupu haliachi kutika, na sijui alimaanisha injini au mimi. Akauliza kama najua hoteli ile inatumia misumari ya kipimo gani.

Furaha yangu ikamwagika yote. Nikaizima. Nikakaa juu ya ndoo, nikawaza yule wa mapazia, yule wa mapazia, hadi kaburini.

Mchana nikainuka. Nimeitafuta kelele hadi nimeipata. Inatoka kwenye klachi. Chini ya kifuniko cha duara kuna sahani za chuma zimepangwa ndani ya kikombe chenye meno, na zinagongana. Nazo ni kavu! Kavu kabisa! Klachi za pikipiki nilizozizoea zinaogelea ndani ya oili, hii haina hata tone. Nikataka kumimina oili. Kitabu kina picha ya kopo la oili limepigwa mstari mwekundu. Picha haihitaji mkalimani. Basi, itahitajika akili nyingine.

Ijumaa, 10 Mei

Akili nyingine imepatikana, na ilikuwa barazani kwangu siku zote!

Kiongozi wa kwaya anataka mabega yaliyosimama. Kwa hiyo mke wangu ana tenga zima la sponji za mabega. Laini. Nene. Zenye umbo la mwezi mchanga, kana kwamba zilikatwa kwa ajili ya klachi ya duara. Chuma kinagongana kwa nini? Kwa sababu hakina mto! Mtu akilala bila mto naye hugeukageuka.

Nikasubiri mke wangu aende kununua vifungo. Nikachukua sponji chache. Nikazipanga. Nikachukua chache tena. Kisha chache za kuzibana hizo. Kifuniko kikakataa kufunga. Nikakikalia. Kikafunga.

Nikapiga kiki, nikasikiliza.

Hakuna chakacha! Hakuna kijiko! Inanong'ona! Ni mashine ya bei mbaya, ya kuendeshwa na mtu mwenye miwani ya jua na siri. Nimecheza dansi uani peke yangu, pikipiki ikinipigia. Zimebaki bolti tatu. Waitaliano ni wakarimu, wanaweka za akiba.

Mke wangu amerudi. Ameisikiliza kwa makini, mikono kiunoni. Ameniambia ile ya jana aliipenda zaidi. Amesema ile chakacha ilimkumbusha mama yake, ambaye akiwa na furaha huosha vyombo kwa kupiga vijiko kwenye beseni, pigo hilohilo, tangu yeye akiwa mdogo. Nikamweleza kwa upole kwamba injini si sufuria na mama mkwe si Mtaliano. Baadaye kidogo akauliza kama nimeona sponji zake, tenga limekuwa jepesi. Nikauliza, sponji zipi? 

"Sawa," akasema.

Hiyo naijua. Lakini kesho ni kesho! Nimepasi shati. Nimeandika hotuba fupi ya kuipokea pikipiki. Imekuwa ndefu kidogo.

Jumamosi, 11 Mei

Nitaandika yote kwa mpangilio.

Walikuja baada ya chakula cha mchana. Baba mkwe alivaa kofia yake ya kutokea. Mama mkwe hakuitazama pikipiki hata kwa jicho moja. Akasema amekuja kumwona binti yake na siyo kuangalia takataka, akapitiliza jikoni, akaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Mwanyumba akarudisha pikapu hadi katikati ya uwanja, kamba zikiwa tayari. Alikuwa ameiosha. Alikuja na vitambaa vya kuifutia pia. Sauti ya Tatu akaegemea ukuta ulio kati yetu, bila kualikwa.

Nikatoa hotuba. Baba mkwe akasema, yule wa mapazia aiwashe kwanza.

Kiki moja! Ikawaka! Ikanong'ona! Nikamtazama mwanyumba. Mdomo wazi! Nikamgeukia baba mkwe nipokee changu.

Baba mkwe alikuwa ametega sikio. Akasogea. Akainama. Akasubiri, kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba anayoijua. Kisha akanyooka, na uso wake ukaanguka. Sijawahi kuona uso wa mzee ukianguka hivyo, na sitaki kuona tena. Akasema hii siyo. Akasema tumeibadilisha injini. Akasema hana ugomvi na mtu, vijana tumejitahidi, lakini ile yake imekwisha kufa na hii haijui. Ipelekwe tu hotelini.

Nimeiua pikipiki ya mtu kwa kuiponya!

Mwanyumba hakusubiri aambiwe mara mbili. Akaikamata ikiwa bado inanguruma, akaisukuma hadi ubavuni mwa pikapu yake, akakanyaga stendi chini, akaiegesha. Halafu akainyanyua kidogo tu, aisogeze karibu zaidi. Akaiachia ili afungue mlango wa nyuma.

Sikumwonya kuhusu stendi. Mtu mzima haambiwi kila kitu.

Paa! Pikipiki ikaegemea mlango wa pikapu iliyooshwa. Mkono wa gesi ukanasa kwenye kioo cha pembeni, ukajizungusha wenyewe, gesi yote! Injini ikapiga mayowe! Kifuniko cha klachi kikaanza kutoa moshi. Harufu ya godoro linaloungua! Kisha kupitia matundu ya kifuniko zikaanza kutoka nyuzi nyeupe, vipande vya sponji, vikiruka juu kama popo wa pamba, vikatua kwenye kofia ya baba mkwe, kwenye pikapu, kwenye miwani ya Sauti ya Tatu. Mke wangu akatoka barazani, akadaka kimoja hewani, akakigeuza. Akakitambua. Akanitambua na mimi.

Mimi na mwanyumba tukarukia pikipiki, tukaivuta kwa pamoja, kwa mara ya kwanza katika ukoo huu tukifanya jambo kwa pamoja. Mkono wa gesi ukachomoka. Injini ikashuka, ikatulia.

Chakacha. Chakacha. Chakacha. Vijiko kwenye beseni, mtaa mzima.

Nikafumba macho nisubiri kupasuka. Haikupasuka. Nilipofumbua, baba mkwe alikuwa amevua kofia.

Na mlango wa jikoni ukafunguka. Mama mkwe akatoka, mikono inadondosha maji, mbio, hakujua kwamba anakimbia. Akafika kizingitini, akafuta mikono, akauweka sawa mtandio wake kichwani, akashika kiuno.

"Umechelewa!" akasema.

Baba mkwe akajibu kwamba kulikuwa na foleni.

Wakaangua kicheko wote wawili, sisi tumesimama kama vigingi. Mke wangu ndiye aliyeniambia baadaye, naye kaambiwa palepale na mama yake huku wote wakilia. Enzi hizo baba mkwe alipokuwa anamchumbia, ile chakacha ilisikika tangu kona ya barabara, na mama mkwe alipata muda wa kubadilisha mtandio, kufika getini, na kujifanya amengoja sana. Umechelewa! Kila siku. Klachi ya aina ile inachakacha tangu inatoka kiwandani, haikuwahi kuwa na ugonjwa wowote. Ndiyo ilivyo! Mzee alisema anataka kuisikia. Alisema! Na mwanyumba naye aliambiwa hivyohivyo, akaipaka rangi. Kwa hiyo hajanizidi.

Baba mkwe akapanda. Mama mkwe akakaa nyuma yake, upande upande, takataka na yote. Mwanyumba akajitokeza mbele haraka kumpokea mzee kofia, mlango wa pikapu ukiwa umebonyea kwa ukubwa wa sinia.

"Mwanangu, nishikie hii," akasema baba mkwe.

Mwanyumba akanyoosha mkono. Lakini mzee alikuwa ananitazama mimi. Nikageuka nione kama kuna mtu nyuma yangu. Hakuna. Kofia ikawekwa mikononi mwangu. Mimi! Mwanangu! Nililia mbele ya watu wote na siandiki zaidi ya hapo.

Wakaondoka. Tuliwasikia hadi kona, tukawasikia wakikata kona, na tukaendelea kuwasikia. Hawajarudi. Sijui habari ya "itakuwa yake" imeishia wapi. Kofia ninayo.

Jumapili, 12 Mei

Baba mkwe amepiga simu. Amesema anaibakiza pikipiki kwake kidogo kwa majaribio. Nikauliza majaribio ya nini. Akasema ya mama mkwe. Sawa tu. Mtoto hamdai baba.

Mke wangu ameamka alfajiri. Amelipasua kochi letu, ametoa sponji ya ndani na kukatia mabega mapya, kwa maana magauni yanatakiwa kesho na kwaya haiwezi kuimba mabega yamelala. Nimekaa kwenye ndoo nikimshikia kitambaa. Amefikia magauni matatu ya mwisho, kisha amekwenda kujinyoosha kidogo. Amenisihi nisiguse kitu. Nimekubali kwa moyo wote.

Lakini yaliyotokea jana yamenifundisha jambo kubwa, na ningekuwa mchoyo kutolitumia. Mashine nzima hutoa kelele! Ile yenye afya inachakacha! Inayonong'ona ndiyo yenye siri tumboni. Tangu asubuhi naisikiliza nyumba kwa masikio mapya. Friji inakoroma, iko salama. Feni inalia, ina afya njema. Nimempigia mwanyumba kumwonya kwamba pikapu yake haitoi sauti yoyote na ajiandae kwa lolote. Amekata simu.

Na sasa hivi, hapa barazani, ninatazama cherehani ya mke wangu. Nimelizungusha gurudumu lake kwa mkono. Laini. Hakuna hata tiki. Inateleza kama maji. Miaka yote hii anaishonea na hajui! Na magauni matatu bado, na ni kesho! Kimya kingi kina mshindo mkuu, na aliyesema hivyo alikuwa fundi.

Bisibisi ilikuwa mfukoni mwangu tayari. Bolti ya kwanza imetoka kirahisi mno, dalili mbaya. Ya pili vilevile. Kuna kitu chenye springi kimeruka nyuma ya tenga, nitakitafuta baadaye. Vingine vyote vipo kwenye bakuli la sukari.

Mke wangu ameamka. Ameuliza kutoka chumbani ninafanya nini. Nimejibu, hamna kitu.

Amesema, "Sawa."

Hiyo ilikuwa sawa ya sawa. Nina hakika kabisa.